Kifimbo cha funguo na kujihami: namna ya kukishika, mahali pa kupiga, na pale kisipofaa

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 27, mwili mdogo, kilo 52. Kazi yangu inaisha saa 4 usiku na natembea kama dakika 15 mpaka kituoni, sehemu mbili za njia hazina taa. Mwezi uliopita mwenzangu alivutwa mkono na mwanamume palepale, akaponea kwa kupiga kelele. Kaka mmoja kazini amenipa kile kifimbo kidogo cha chuma cha kuning'iniza funguo, ncha yake moja imechongoka kama msumari mnene. Anasema ukimgusa mtu nacho shingoni anazimia hapohapo. Nimetazama video nyingi, kila mmoja anashika kivyake. Nishike vipi? Nipige wapi? Funguo niziache humohumo? Polisi wakinikuta nacho je? Au nikiache tu, nitafute dawa ya kupuliza ya pilipili? Naomba unijibu kwa urefu, nina hofu kweli."

Marahaba, dada yangu. Hofu yako ina msingi, na umefanya vema kuuliza kabla hujaanza kukiamini hicho kifimbo. Umeuliza mengi, lakini chini yake naona swali moja: je, kitu hiki kitaziba pengo la nguvu kati yangu na mwanamume wa kilo 80? Hakitaziba. Hakikuongezei nguvu hata chembe. Kinachofanya ni kuikusanya ile uliyonayo mahali padogo ili iume zaidi. Ukikitumia vizuri, mtu aliyekushika atalegeza mkono kwa sekunde moja au mbili, nawe uchoropoke ukimbie. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na kwa kazi hiyo kinafaa.

Nianze na hilo la shingo, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Hakuna mahali shingoni pa kugusa mtu akazimika kama taa. Pale kuna mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, kuna koromeo, na nyuma kuna uti wa mgongo. Pigo zito hapo linaweza lisifanye lolote kwa sababu mtu ameinamisha kidevu au amevaa kola nene. Linaweza pia kuchana ukuta wa mshipa wa damu na kuleta kiharusi saa au siku kadhaa baadaye, au kuponda koromeo mtu akakosa pumzi. Yaani huwezi kulitegemea likuokoe, na likikubali linaweza kuua. Shingo, macho, kipanda cha uso na kisogo, usimpige mtu pale isipokuwa umeona wazi kwamba usipofanya hivyo unakufa wewe. Kwa mtu aliyekuvuta mkono, hizo siyo sehemu zako.

Pia ni vizuri ujue kitu hiki kimetoka wapi, kwa sababu kitakusaidia kuchuja zile video. Asili yake ni yawara, kijiti kifupi cha Japani kinachotokeza kidogo pande mbili za ngumi. Aina iliyoenea duniani, iitwayo kubotan, ilibuniwa na Takayuki Kubota, mwalimu wa karate wa Kijapani aliyehamia Marekani, na katika miaka ya 1970 aliwafundisha askari wa kike wa polisi wa Los Angeles kuitumia. Sasa angalia hapo: askari. Kazi ya askari ni kumdhibiti mtu asiondoke. Ana pingu, ana redio, na kwa kawaida ana mwenzake pembeni. Ndiyo maana video nyingi zinaonyesha mtu akikunjwa kifundo cha mkono kwa kifimbo mpaka anapiga magoti. Na yule anayekunjwa ameshajua kinachokuja, kwa hiyo anapiga magoti kabla hajavunjwa. Wewe hutaki mtu apige magoti miguuni pako. Unataka kuwa umeshafika penye taa na watu. Kila ukiona mbinu inayomwacha yule mtu bado ameshikana na wewe, ipite.

Kwa nini kinauma

Ukipiga kwa upande wa chini wa ngumi, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira, unagusa eneo la takriban sentimita za mraba 30, na eneo hilo ni nyama laini. Ncha butu ya kifimbo chenye kipenyo cha sentimita 1.5 ina eneo lisilofika sentimita za mraba 2, tena gumu. Nguvu ni ileile, lakini kanieneo, yaani nguvu inayobana kila sentimita ya mraba, imepanda zaidi ya mara 15. Faida ya pili haisemwi sana: ngumi iliyokumbatia kitu kigumu haibonyei. Mtu asiyezoea kupiga huvunja mifupa yake midogo ya kiganja anapogonga fuvu la mwenzake kwa ngumi tupu, na kifimbo kinakuepusha na hilo kwa sababu vidole vyako havigusi chochote.

Lakini maumivu hayapatikani kila mahali. Mfupa umefunikwa na utando mwembamba wenye mishipa mingi ya fahamu, na pale mfupa unapokaribia ngozi hakuna kinga. Jaribu sasa hivi: kunja kidole, kisha kwa kifundo chake bonyeza mgongo wa kiganja chako cha pili na kisugue kwenda na kurudi. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye nyama ya paja, kwa nguvu ileile. Umeona tofauti. Siku ya shida tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Na hapo ndipo penye udhaifu wake mkubwa. Mtu aliyelewa, aliyetumia dawa za kulevya au aliyepandwa na ghadhabu anaweza asiyasikie maumivu hayo mpaka kesho yake. Koti zito au jinzi nene hupunguza pigo sana. Kwa hiyo usimpige mtu kisha ukasimama kutazama kama ameumia. Unapiga huku unajivuta, unapiga tena huku unajivuta, na mara mkono ukilegea umeondoka. Macho yako yasikague uso wake, yatafute njia.

Ile ncha iliyochongoka

Wengi hudhani ncha kali ni bora kuliko butu. Kwa kazi yako ni mbaya zaidi, na sababu zake ni tatu. Ncha kali inatoboa ngozi, na mtu mwenye adrenalini (homoni ya mshtuko) mwilini anaweza asijue kabisa kwamba ametobolewa. Anavuja damu huku bado amekushika. Butu inapeleka mshtuko kwenye mfupa, na huo ndio unaofungua vidole. Pili, ukipokonywa, umemkabidhi kisu. Tatu, mbele ya sheria kitu chenye ncha ya kutobolea kinatazamwa kama kisu, na kitu butu cha kuning'iniza funguo kinatazamwa vingine katika nchi nyingi. Onyo hilohilo linahusu zile pete za vidole zenye masikio ya paka yaliyochongoka: sehemu nyingi huhesabiwa sawa na vyuma vya kuvaa vidoleni, ambavyo vimepigwa marufuku.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chuma: uzito usikuvutie. Kifimbo cha sentimita 14 chenye unene wa sentimita 1.5, kikiwa chuma cha pua kitupu, kinakaribia gramu 200. Kikiwa alumini ni kama gramu 65. Kikiwa mti mgumu hakifiki gramu 25. Kwenye pigo la karibu namna hii uzito unaofanya kazi ni wa mkono na mwili wako. Kile cha chuma kitachana mfuko, utakichoka baada ya wiki mbili, utakihamishia ndani ya mkoba, na kikishaingia kwenye mkoba umekipoteza.

Namna ya kukishika

Urefu wake uwe upana wa kiganja chako, jumlisha sentimita 2 au 3 kila upande. Kiganja chako kama ni sentimita 8, basi 13 zinatosha. Unene uwe ule ambao ukifumba ngumi, ncha za vidole zinagusa tu nyama ya chini ya kidole gumba. Zikijikunja na kuingia ndani, ni chembamba mno na kitazunguka mkononi. Zisipofika, ni kinene na kitaponyoka.

Kilaze kwenye shina la vidole vinne, siyo katikati ya kiganja. Kifumbe kuanzia kidole cha mwisho kwenda cha shahada, kwa sababu vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyokaza hasa. Kisha kidole gumba kina njia mbili. Unaweza kukifunga juu ya kidole cha shahada kama ngumi ya kawaida, au kukiweka juu ya ncha ya kifimbo kama mtu anayeziba chupa. Mimi nakushauri hiyo ya pili, ilimradi ncha ya juu iwe butu na pana. Ukipiga kwa ncha ya chini, kifimbo hujaribu kuteleza kwenda juu ndani ya ngumi, na kidole gumba ndicho kizuizi. Ubaya wake ni kwamba pigo la kupinda linaweza kukikwaza kidole chenyewe, kwa hiyo piga kwa mstari mmoja na kifimbo, usipige kwa kufagia.

Jipime ukutani. Shika kama nilivyosema, weka ncha ya chini ukutani usawa wa kifua, kisha uegemee na uzito wa mwili hatua kwa hatua. Kifimbo kikianza kuteleza, mshiko haujakaa, au kifimbo kina jasho. Chuma laini na jasho haviaminiki kabisa. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyovutwa juu yake, au utepe wa kitambaa uliozungushwa mara mbili, humaliza tatizo hilo.

Usiingize kidole kwenye pete ya funguo hata siku moja. Akikivuta na kukizungusha, pete haikatiki, kidole kinakatika.

Funguo

Watu hufundishwa kuzungusha funguo kama mjeledi na kumchapa mtu usoni. Zinaweza kumjeruhi jicho vibaya, jambo ambalo nimeshasema halifai kwa mtu aliyekuvuta mkono tu, na mara nyingi zaidi zinanasa kwenye nguo au anazidaka. Akizidaka anavuta, na wewe unachagua kati ya kuvutana naye au kuachia. Ukiachia, mtu aliyekufuata njiani ana funguo za nyumba yako. Ondoa funguo za nyumba kwenye kifimbo, ziweke mfukoni peke yake. Pete ibaki na kipande cha kamba fupi cha kukuwezesha kukichomoa haraka, basi.

Na kama uliwahi kuambiwa uchomeke funguo katikati ya vidole na kupiga ngumi, acha. Hazina kitu cha kuegemea nyuma. Zinageuka kwenye pigo la kwanza na kukukwangua wewe pembeni mwa vidole.

Mahali pa kupiga

Nakuchagulia sehemu chache, kwa sababu moyo ukienda mbio na damu ikikimbilia miguuni, vidole vinakufa ganzi, masikio yanaziba, na macho yanaona kama kwenye bomba. Katika hali hiyo mtu hakumbuki ramani ya sehemu ishirini. Pigo lako ni moja tu, la nyundo: kiwiko kinapanda, kinashuka, magoti yanalegea kidogo ili uzito wa mwili ushuke nalo. Ukipiga kwa kifundo cha mkono peke yake kama anayegonga yai, umepoteza zaidi ya nusu.

Hali ya mwenzako ndiyo ya kawaida zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo. Mtu amekushika mkono usio na kifimbo. Kwanza sauti, siyo pigo: "Niache!" kutoka tumboni, kwa nguvu zote. Wakati huohuo piga hatua kumkaribia, siyo kumkimbia. Ukivuta kwa kunyooka unampa faida ya uzito wake, ukisogea mkono wako unapata kulegea. Sasa shusha ncha kwenye mgongo wa kiganja chake, kati ya vifundo vya vidole na kifundo cha mkono. Hapa watu wengi hujipiga wenyewe, kwa sababu vidole vyake vimezunguka mkono wako na shabaha iko sentimita chache tu kutoka kwenye mfupa wako. Dawa yake ni kulenga upande wa kwake, karibu na kifundo chake, na kupiga kwa mshazari kuelekea kwake. Giza likiwa nene au mnatikisana mno, usipige: gandamiza ncha mgongoni mwa kiganja chake, egemea, na uisokote kama unayepekecha. Inauma karibu sawa na pigo na haikosi shabaha. Mara vidole vikifunguka, toa mkono kupitia pale kidole gumba chake kinapokutana na vidole vingine. Hapo ndipo mshiko wa mtu yeyote ulipo dhaifu, hata mshiko wa mtu mwenye nguvu. Toa kwa kuleta kiwiko chako mbele, kama unayepeleka kiwiko kifuani kwake, siyo kwa kuvuta nyuma.

Ameshika mkono ulio na kifimbo? Usikihamishie mkono wa pili, kitadondoka. Sahau kifimbo kwa sekunde hiyo. Fumba ngumi, shika ngumi yako kwa mkono wa pili, na mikono yote miwili itoke kwa pamoja kupitia upande wa kidole gumba chake, huku ukimpiga teke la muundi kwa upande wa kiatu. Mkono ukitoka, kifimbo bado unacho.

Amekukumbatia kwa nyuma na mikono yako imebanwa: mkono kuanzia kiwiko kwenda chini bado unachezeka. Piga nyundo kwenda nyuma, kwenye paja lake upande wa nje, juu kidogo ya goti kadiri unavyofika. Pale pana mshipa wa fahamu, na pigo zuri linaweza kulegeza mguu. Kama amefunga mikono yake tumboni kwako, gandamiza na kupekecha mgongo wa kiganja kilicho juu.

Amekushika nguo kwa mbele, uso kwa uso: mtulinga, yaani mfupa unaotoka begani hadi juu ya kifua, uko wazi, mwembamba chini ya ngozi tupu, na pigo la nyundo linaufikia kwa njia yake ya asili. Ujue kwamba mtulinga unavunjika. Usipigwe kwa kugombania simu. Mgongo wa kile kiganja kilichoshika nguo mara nyingi unatosha.

Mbavu, chembe cha moyo na misuli ya mkono wa juu ziache. Kwenye video zinapendeza, ila kupitia nguo na kwa mwili wa kilo 52 hazina uhakika.

Mazoezi, na hapa usinipuuze

Kifimbo bila mazoezi ni pambo la funguo. Dakika 10, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, ndicho kiwango cha chini ninachokikubali kabla hujakihesabu kuwa msaada.

Tafuta tairi kuukuu, liegemeze au lifunge wima usawa wa kifua. Mapigo 20 ya kwanza kwa nusu ya nguvu, ukisikiliza kiganja. Ukihisi ncha ya juu inachoma kidole gumba au ngozi inavutwa, rekebisha mshiko kabla ya kuongeza nguvu, kwa sababu tairi linarudisha pigo lako lote kwenye kifundo chako. Kisha mapigo 20 kwa nguvu, mkono wa kulia, na 20 wa kushoto. Mkono wa kushoto usiuache. Hujui atashika upi.

Wiki ya tatu anza na kuchomoa. Vaa nguo na mkoba unaovaa kazini kweli, simama mikono ikining'inia, na uone inakuchukua muda gani mpaka kifimbo kimekaa ngumini sawasawa. Ukishindwa ndani ya sekunde mbili, badilisha mahali unapokiweka. Wengi hugundua hapo kwamba jawabu ni moja: kwenye zile sehemu mbili zisizo na taa, kifimbo kiwe tayari mkononi, mkono umeshuka ubavuni, kabla hujaingia gizani.

Wiki ya tano fanya ukiwa umechoka. Kimbia ngazi au ruka dakika moja mpaka unahema, kisha chomoa, piga tatu, piga kelele, kimbia hatua 20. Kelele iwemo kila mara. Mtu asiyezoea kupiga kelele mazoezini hukuta sauti imekwama siku anayoihitaji.

Ukifanya na mwenzako, badala ya kifimbo tumia bomba la sponji au gazeti lililokunjwa. Mgongo wa kiganja ukipigwa na chuma hata "kidogo tu" unaweza kupasuka mfupa.

Pale ambapo kiache mfukoni

Mtu aliye hatua tatu mbele yako hajakushika. Kifimbo hakina urefu wa kumfikia, na ukimsogelea umetupa silaha yako bora, yaani nafasi. Kimbia. Anayetaka mkoba au simu, mpe, na bora uurushe upande mmoja ukimbilie mwingine. Mwenye kisu, usimpimie kifimbo cha sentimita 14. Hata mtu aliyefunzwa miaka mingi anakatwa. Wakiwa wawili au zaidi, ukisimama kumshughulikia mmoja mwingine yuko nyuma yako.

Kuna jambo jingine siwezi kulipita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na mara nyingi zaidi na mwenzi wake. Hofu yetu huelekezwa kwa mgeni wa gizani, hali anayeumiza kwa kawaida anajulikana kwa jina. Kama kuna mtu wa namna hiyo karibu nawe, kifimbo hakitakusaidia. Kinahitajika mpango wa kuondoka salama, pamoja na watu wa huduma za waathirika na daktari.

Kwa habari ya mafunzo bila silaha, kuna ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa wanafunzi wa kike karibu 900 wa vyuo vikuu vya Kanada ulilinganisha waliopewa saa 12 za mafunzo na waliopewa vipeperushi. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa walikuwa asilimia 5.2 katika kundi la kwanza na asilimia 9.8 katika la pili. Walichofundishwa ni kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti bila aibu, na kupambana mara moja badala ya kungoja. Ukiwa na saa 12 tu za kutumia, zitumie hapo kabla ya kifimbo.

Pilipili, kalamu ya chuma, tochi

Dawa ya pilipili ina kitu ambacho kifimbo hakina, nacho ni umbali wa mita mbili au tatu. Upepo ukirudi inakupata wewe, ina tarehe ya mwisho ya matumizi, na katika nchi nyingi raia haruhusiwi kuibeba. Kama sheria ya kwenu inairuhusu na utafanya mazoezi nayo, ni chaguo zuri. Kalamu ya chuma ni kifimbo kilekile chenye wino, na nyingi zina ncha kali iliyoelezwa hapo juu.

Ukiniuliza ningependa ushike nini, nitasema tochi ndogo ya alumini, urefu wa sentimita 12 hadi 14, yenye swichi nyuma inayobonyezwa kwa kidole gumba. Inashikwa sawasawa na kifimbo, inapiga sawasawa na kifimbo, inakuonyesha nani amesimama kwenye kona kabla hujafika, na mwanga wake machoni mwa mtu gizani unampofusha kwa muda. Hakuna askari atakayekuuliza kwa nini unatembea na tochi saa 4 usiku.

Hapo ndipo penye jibu la polisi. Sheria zinatofautiana mno, lakini mambo mawili hujirudia. Moja ni nia: Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1953 inahesabu kuwa silaha kitu chochote kinachobebwa hadharani kwa nia ya kumjeruhi mtu, hata kama nia hiyo ni kujihami. Jingine ni kipimo: unaruhusiwa kujihami hatari inapokuwepo, kwa kiasi kinacholingana nayo. Pigo la mtu aliyekushika ni kujihami. Pigo la mtu aliyegeuka kukimbia ni shambulio. Muulize wakili au kituo cha polisi cha kwenu kabla ya kukibeba, siyo baada. Na usiende nacho uwanja wa ndege. Marekani kimetajwa kwa jina kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi.

Mazoezi yakikuachia ganzi kwenye vidole, au maumivu chini ya kidole gumba yasiyoisha kwa siku kadhaa, pumzika umwone daktari. Mwalimu wa kumtafuta ni yule anayevaa kinga na kukuacha umpige kweli, anayekushika kwa nguvu bila kukuachia kwa huruma, na anayemaliza kila zoezi kwa kukimbia. Anayekuonyesha sehemu za kugusa mtu azimie, muage. Na ikitokea, Mungu apishie mbali, umekabwa shingo hata kwa sekunde chache, nenda hospitali usiku huohuo hata ukijisikia mzima, uwaambie wazi kwamba ulikabwa. Ukuta wa mshipa wa shingo unaweza kuwa umechanika ndani bila alama yoyote nje.

Kuhusu hicho ulichonacho, usikitupe, kirekebishe. Kibane kwenye jiliwa (kibanio cha fundi), kata ile ncha kwa msumeno wa chuma pale kinapoanza kuwa na unene kamili, kisha zungusha tupa kwenye ukingo mpaka ukali wote uishe, umalize kwa msasa. Ukishamaliza, gandamiza ncha mpya kwenye kiganja chako kwa nguvu, hesabu mpaka tano, uondoe. Ibaki duara jekundu, kamili pande zote. Ukiona mstari au mchubuko upande mmoja, ukingo bado una ukali, rudisha tupa.